Ubuntu utaipakua tena bure, lakini faili zako je?

UJUMBE wenyewe huwa mfupi na wa upole. Toleo jipya la Ubuntu limetoka, ungependa kuhamia sasa? Chini yake kuna kitufe. Ukikibonyeza, mashine itapakua mafaili kibao kutoka kwa intaneti, iondoe programu za zamani, iweke mpya, kisha ijizime na kujiwasha. Mara nyingi mambo huenda fiti. Kasheshe ni ile siku moja yanapoenda kombo, na hakuna anayejua itakuwa siku gani.

Vijana wengi wa Migori na Homa Bay wanakutana na swali hilo kipindi hiki, na kuna sababu. Oktoba 14, 2025, Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 nayo ina masharti: inataka prosesa mpya kiasi na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Laptopu nyingi za mtumba, zile ambazo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo au cha Tom Mboya huanza nazo maisha, hazitimizi masharti hayo. Kwa hivyo watu wanahamia Linux, ambayo ni ya bure na haichagui mashine sana.

Waliotangulia kuhamia nao wana kibarua chao. Ubuntu 20.04, iliyotoka Aprili 2020, ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida Mei 2025. Wanaotumia 22.04 wana hadi 2027. Matoleo haya ya muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili, Aprili, na kila moja hutunzwa kwa miaka mitano. Ukikaa tu na la zamani, mianya ya usalama inayogunduliwa haitazibwa. Kuhama ni lazima, leo au kesho.

Ubuntu ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la Kizulu na Kixhosa lenye maana ya utu. Ni mfumo wa bure kabisa. Ukiharibika leo, kesho utaupakua tena, hata mara mia. Ambacho huwezi kupakua popote ni tasnifu yako, picha za mazishi ya nyanya, hesabu za duka na barua za wateja wa saiba. Hivyo viko sehemu moja tu duniani, ndani ya hiyo diski yako. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya kuhamia toleo jipya hufanywa kabla ya kugusa kile kitufe.

Si laptopu ya shule pekee

Mahali ambapo jambo hili lina uzito zaidi katika kaunti hizi mbili ni kliniki.

Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulionyesha kwamba asilimia 19.6 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 64 katika Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi. Migori ilikuwa na asilimia 13. Kitaifa kiwango kilikuwa asilimia 4.9. Nyuma ya takwimu hizo kuna watu wanaomeza dawa kila siku, wanaopimwa kiwango cha virusi kwenye damu, na wanaopewa tarehe ya kurudi. Yote hayo huandikwa mahali.

Katika vituo vingi vya afya nchini, mahali penyewe ni KenyaEMR. Huu ni mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS, programu huria ambayo mizizi yake ya mwanzo nchini iko Eldoret, ilikoanza kutumika 2006. KenyaEMR ilianza kusambazwa 2012, na katika miaka michache ikawa imefika katika vituo zaidi ya 300, Nyanza ikiwemo. Huendeshwa kwenye seva inayotumia Ubuntu, na kwa kawaida seva hiyo hukaa ndani ya kituo chenyewe ili kazi iendelee hata intaneti ikipotea.

Sasa fikiria nani huitwa mashine hiyo ikianza kusumbua. Mara nyingi ni kijana: karani wa data, mwanafunzi aliye kwenye mafunzo ya nyanjani, au jamaa tu anayejulikana mtaani kwamba "anajua mambo ya kompyuta". Kijana huyu akiona ule ujumbe wa toleo jipya na kubonyeza, huenda asijue kwamba chini ya Ubuntu kuna hifadhidata inayotegemea toleo fulani.

Hapa kuna mfano halisi wa kiufundi. Ubuntu 18.04 ilikuja na hifadhidata ya MySQL 5.7. Ubuntu 20.04 ikaja na MySQL 8.0. Mtu akihamisha mfumo, hifadhidata nayo huhamishwa papo hapo. Programu iliyoandikwa kwa 5.7 ikikataa kuongea na 8.0, huwezi kusema basi turudi tulikotoka. Watengenezaji wa MySQL wenyewe hawaruhusu kushuka kutoka 8.0 hadi 5.7. Njia pekee ya kurudi ni nakala iliyochukuliwa kabla ya kuhama. Ubuntu yenyewe pia haina kitufe cha kurudi toleo la nyuma. Kama hukuchukua nakala, imekula kwako, na si kwako peke yako. Asubuhi mgonjwa ametoka Ndhiwa kwa bodaboda kufuata dawa, na pale kaunta hakuna anayeweza kuona alipewa nini mara ya mwisho.

Kwa seva ya aina hii, kanuni ya kwanza ni kutoigusa bila ruhusa na bila kuuliza wanaosimamia mfumo kama toleo jipya la Ubuntu limeshakubaliwa. Kanuni ya pili ni bakapu.

Folda ya Documents haitoshi

Wengi wakiambiwa wafanye bakapu, hufungua folda ya Documents, wanakopi kila kitu hadi kwenye flashi, wanaona kazi imeisha. Linux ina mitego mitatu hapo.

Wa kwanza ni mafaili yaliyofichwa. Kwenye Linux, faili au folda yoyote ambayo jina lake linaanza na nukta haionekani kwa kawaida. Humo ndimo mnakaa alamisho na nywila ulizohifadhi kwenye Firefox, barua pepe za Thunderbird, funguo za SSH na mipangilio ya programu zako. Bonyeza Ctrl na H ukiwa ndani ya folda yako ya nyumbani, utashangaa utakachokiona. Ukichukua nakala, chukua folda nzima ya nyumbani pamoja na hayo yaliyofichwa.

Wa pili ni vitu vinavyokaa nje ya folda ya nyumbani. Hifadhidata ya MySQL hukaa kwenye /var/lib/mysql. Tovuti uliyomtengenezea mteja inaweza kuwa kwenye /var/www. Mipangilio ya seva iko kwenye /etc. Unaweza kunakili folda ya nyumbani yote na bado ukapoteza kitu cha maana kuliko vyote. Isitoshe, hifadhidata hainakiliwi kama picha wakati watu wanaendelea kuitumia. Simamisha kwanza programu inayoandika ndani yake, kisha utumie amri ya mysqldump, ambayo humwaga data yote kwenye faili moja la maandishi unaloweza kulisoma na kulirudisha.

Wa tatu ni kunakili kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya diski ileile. Hiyo si bakapu. Diski ikifa, inakufa na vyote. Na mtu anayeweka Ubuntu upya akichagua kufuta diski nzima, kila kilichomo kinafutwa, pamoja na ile sehemu ya Windows aliyodhani iko salama. Kosa hili huwapata sana wanaotoka Windows kwa mara ya kwanza, kwa hivyo soma chaguo hilo mara mbili.

Programu nzuri zina tabia zake

Si lazima uandike amri. Kuna programu za kubonyeza tu, ila ujue tabia zake.

Timeshift inapendwa sana na watumiaji wa Linux Mint, kwa sababu huja nayo tayari. Hupiga picha ya mfumo ili ukiharibika uurudishe ulivyokuwa. Lakini isipoambiwa, Timeshift haigusi faili zako binafsi. Imetengenezwa kulinda mfumo, na si picha zako wala tasnifu yako. Mtu anaweza kuwa na picha kumi za Timeshift na bado asiwe na nakala hata moja ya kazi yake.

Déjà Dup, ambayo kwenye Ubuntu huonekana kwa jina la Backups, hufanya kinyume. Hiyo hulinda folda ya nyumbani, pamoja na yaliyofichwa, na inaweza kufunga nakala kwa nywila. Ukiikosa, iweke kwa amri ya sudo apt install deja-dup. Ila angalia orodha ya folda inazoruka. Kwa kawaida huruka takataka na folda ya Downloads. Na ukweli ni kwamba wengi wetu maisha yetu yako Downloads: barua ya HELB, cheti cha KRA, fomu za wateja. Itoe folda hiyo kwenye orodha ya kurukwa kabla ya kuanza.

Ukiwa na zote mbili, Timeshift kwa mfumo na Déjà Dup kwa faili zako, uko pazuri.

Flashi yenyewe ni ya kweli?

Swali linalofuata ni utaweka wapi nakala. Hapa mtaa una mambo yake.

Kuna flashi feki sokoni. Imeandikwa gigabaiti 128, na ukiichomeka kompyuta inakubali kwamba ni 128. Lakini ndani ina nafasi ndogo tu, na programu yake imechezewa ili idanganye. Unakopi faili, zinaonekana zimeingia, majina yote yapo. Siku ya kuzifungua unakuta hewa. Linux ina dawa ya hili, inaitwa F3. Iweke kwa amri ya sudo apt install f3, chukua flashi tupu, kisha uendeshe f3write na baadaye f3read. Ya kwanza hujaza flashi, ya pili husoma kilichoandikwa na kukuambia ukweli. Huchukua muda, lakini ni afadhali ukweli huo uujue leo.

Jambo lingine ni muundo wa flashi. Nyingi huja na muundo wa FAT32, ambao haukubali faili moja linalofikia gigabaiti nne. Video ya harusi au nakala ya hifadhidata kubwa itakataa katikati. Muundo wa exFAT hauna kizuizi hicho. Lakini yote miwili haihifadhi ruhusa za mafaili za Linux, yaani nani anaruhusiwa kusoma na nani kuandika. Ndiyo maana watu wa Linux hufunga kila kitu kwanza ndani ya kifurushi kimoja kwa amri ya tar, halafu ndipo wanakopi kifurushi.

Nakala tatu, na moja iwe mbali

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ambayo sasa hutajwa kila mahali: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali tofauti. Kanuni hii inafaa Migori kama inavyofaa Marekani.

Ile ya mahali tofauti ndiyo hupuuzwa. Ukiweka laptopu na diski ya nje ndani ya begi moja, mwizi mmoja anakumaliza. Ukiziweka juu ya meza moja kule Nyatike, Mto Kuja ukifurika, zinaloa zote. Mwaka wa 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi yakaingia makazi ya watu kwenye fuo, Homa Bay ikiwemo. Kwa hivyo diski ya pili ikae kwa mwingine. Unaishi Homa Bay mjini? Mpe dada yako aliye Oyugis. Uko Migori? Iende kwa binamu Rongo.

Waliookolewa na nakala ya mbali si watu wadogo. Mwaka wa 1998, studio ya Pixar ilikuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2 pale mtu alipoendesha amri ya kufuta mahali pasipofaa, na filamu ikaanza kupotea kwenye seva mbele ya macho yao. Walipoikimbilia bakapu, wakakuta ilikuwa haifanyi kazi vizuri. Kilichowaokoa ni kompyuta ya Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa kiufundi, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua. Yeye alikuwa na nakala.

Mtandaoni pia ni mahali mbali. Google hukupa gigabaiti 15 za bure, na kwa tasnifu na hati hizo zinatosha kabisa. Video na picha nyingi zitakula bando, kwa hivyo ziweke kwenye diski, hati ziende mtandaoni.

Ifungue uone

Ukishamaliza yote hayo, bado huna bakapu. Unayo tu faili inayoitwa bakapu.

Kampuni ya GitLab, ambako waprogramu duniani huweka kazi zao, ilijifunza hili hadharani Januari 31, 2017. Mhandisi aliyekuwa kazini usiku alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva ambayo siyo aliyokusudia. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala. Zilipokaguliwa usiku huo, hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Njia moja ilikuwa imefeli kimyakimya kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa toleo moja na hifadhidata toleo lingine, na barua pepe za kuonya hazikuwafikia. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi mmoja alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Data ya saa hizo sita ikaenda.

Soma tena hiyo sehemu ya matoleo mawili yasiyolingana. Ndiyo hali hasa inayozaliwa na kuhamia mfumo mpya nusunusu.

Jaribio lenyewe si gumu. Chukua flashi, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ya rafiki au ya saiba unayoiamini. Fungua hati moja ya zamani, moja ya jana, picha mbili na video moja. Kama ni hifadhidata, irudishe kwenye mashine ya majaribio, uhesabu rekodi. Zikilingana na za awali, sasa sema una bakapu.

Siri za watu

Nakala ina hatari yake pia: inaweza kuangukia mikono mibaya. Flashi yenye orodha ya wagonjwa ikidondoka kwenye stendi ya Rodi Kopany, umetoboa siri za kijiji kizima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na data ikivuja kwa njia inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anafaa kuarifiwa ndani ya saa 72. Kwa hivyo funga nakala kwa nywila. Amri ya gpg -c ikifuatwa na jina la faili inatosha kwa faili moja, na Déjà Dup ina chaguo lake. Nywila iandike mahali salama, kwa sababu ukiisahau hakuna wa kukufungulia. Na data ya wagonjwa haitumwi WhatsApp, hata kwa dakika moja.

Siku yenyewe

Nakala ziko tayari na umezijaribu. Sasa unaweza kuhama, na mambo machache yatakusaidia.

Anza kwa kusasisha toleo ulilo nalo hadi mwisho. Andika pembeni programu ulizoziweka kutoka vyanzo vya nje, maana mfumo huzima vyanzo hivyo wakati wa kuhama. Huwezi kuruka: kutoka 20.04 unapitia 22.04 kwanza, ndipo ufike 24.04.

Usiwe wa kwanza kukimbilia. Septemba 2024, Canonical, kampuni inayosimamia Ubuntu, ililazimika kusitisha kwa muda kuhama kutoka 22.04 hadi 24.04 baada ya hitilafu kupatikana katika programu ya kuhamisha. Na kama unadhani ni shida ya Linux tu, Oktoba 2018 Microsoft ilisimamisha sasisho la Windows 10 baada ya baadhi ya watu kukuta faili zao zimefutwa.

Fikiria stima. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima iliingia gizani. Zoezi hili linaweza kuchukua saa kadhaa, na mashine ikizimika katikati huenda isiwake tena. Laptopu iwe na betri inayoshika chaji, kompyuta ya mezani iwe na UPS. Ikizimika na bado ikawaka, amri ya sudo dpkg --configure -a mara nyingi humalizia palipokatika. Isipowaka kabisa, usikimbilie kuweka upya. Iwashe kwa flashi yenye Ubuntu, chagua kuijaribu bila kuiweka, kisha utoe faili zako zilizobaki.

Na baada ya kuhama, usifute nakala siku hiyohiyo. Zikae angalau mwezi mmoja, maana makosa mengine hujitokeza polepole, pale unapotafuta barua ya mwaka juzi.

Jioni moja inatosha kwa kazi hii yote. Kama hujui pa kuanzia, anza na faili moja ambayo ikipotea leo usiku utalia. Ipeleke kwenye flashi uliyoijaribu na mtandaoni, kisha uifungue kutoka kote kuwili. Halafu uende ya pili.